Sale la kaka nililipokea, ila kulala silali

Kila mwaka ikifika kama tarehe ishirini Desemba simu zinaanza. Shangazi anapiga, mama mdogo anapiga, binamu zangu wa Arusha nao wanapiga, wote swali ni lile lile wanalizungusha tu, mwaka huu utalala nyumbani? Na mimi jibu langu halibadiliki, nitakuja, ibadani nitakuwepo, nitakula na watu, nitakaa mpaka saa kumi jioni, kulala nalala gesti Himo, mji wa jirani. Hapo wananyamaza kidogo, af lazima mmoja aseme, lakini dada si ulishasamehe?

Ndio nilishasamehe. Leo nimeona niandike habari yote kwasababu Jumapili iliyopita kuna binti mmoja tunaimba nae kwaya kaniuliza hilo hilo kuhusu mtu wake, nikamjibu pale nje ya kanisa haraka haraka watu wanapita, nikafika nyumbani moyo unaniuma kwamba sijamjibu. Kwahiyo naandika kama vile tumekaa nae jikoni kwangu na hatuna haraka.

Sisi kwetu ni Marangu. Kwa asiyejua, kihamba kwa Mchaga sio shamba la kulima tu, ndo nyumba, ndo migomba na kahawa, ndo makaburi ya wazee, vyote viko pamoja hapo hapo. Kwa desturi kinaenda kwa watoto wa kiume, wa kwanza anapewa chake na wa mwisho anabaki na nyumba ya baba, mtoto wa kike anaambiwa wewe utapata kwa mumeo. Mimi ni wa pili kuzaliwa, kaka yangu ndo mkubwa. Baba aliugua sukari muda mrefu na mimi ndo nilimuuguza, nilimchukua nikakaa nae Dar, cherehani yangu nikaihamishia sebuleni ili nishone huku namwangalia. Kabla hajafariki, 2012 hiyo, alirudi nyumbani akaita mzee wa ukoo na majirani wawili akasema mbele yao kile kipande cha chini karibu na mfereji ni cha binti yangu, na ikaandikwa kwenye karatasi watu wakaweka sahihi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema haki ya mwanamke kwenye ardhi ni sawa na ya mwanaume lakini baba sidhani kama alikuwa anaijua hiyo sheria, aliona tu mwenyewe kwamba ndo haki.

Kaka siku ile hakusema neno. Mimi nikachukulia amekubali.

Tarehe 27 Desemba 2014, Jumamosi, nilishuka kule chini asubuhi kupanda masale ya mpaka. Sale ni mmea wetu, una majani marefu ya kijani, ukikata bua lake ukalichomeka ardhini linashika lenyewe hata usipolimwagia maji. Vihamba vyetu mipaka yake ni masale na kwenye makaburi pia yanapandwa. Na hilo hilo sale ndo la kuombea msamaha. Mtu aliyekukosea akija na jani la sale amelifunga fundo akakukabidhi, kimila huwezi kukataa, hata kama amekufanyia kitu kibaya namna gani. Wazee wetu walikuwa na hilo kabla hata wamisionari hawajafika.

Nilikuwa nimechuchumaa nachimba shimo la nne. Harufu ya mbege, pombe yetu ya ndizi, ndo ilinifikia kabla ya mtu. Nikasikia kaka anasema, "Nani kakuonyesha mpaka?" Nikageuka hivyo hivyo nimechuchumaa, nikainua mkono wa kushoto kama mtu anayekinga jua asione vibaya. Panga likapita hapo kwenye mkono chini kidogo ya kiwiko. Sikusikia maumivu, nilichoona ni sale nililokuwa nimeshika limekatika vipande viwili, nikawa najiuliza limekatikaje.

Nilishonwa nyuzi kumi na tisa. Polisi wakatupa PF3, ile fomu ya polisi ya kupeleka hospitali, kesi ikafunguliwa. Kidonda kilipona ila vidole viwili, cha mwisho na cha pete, havikunjiki mpaka leo. Na mimi ni fundi wa nguo, wanaoshona watanielewa, mkono wa kushoto ndo unaoongoza kitambaa, wa kulia unazungusha na kushika tu. Miezi mingi nilikuwa napeleka kitambaa na kiganja kama mtoto anayejifunza, pindo linapinda, nafumua, narudia, linapinda tena. Na kila likipinda nilikuwa namuua kaka yangu kichwani. Nasema ukweli wangu hapa. Nilikuwa namuua taratibu kabisa, af Jumapili nasimama kwenye kwaya, tukifika pale penye utusamehe makosa yetu nafunga mdomo.

Sasa ukoo ukaanza. Kwamba yaishe, tuyamalize nyumbani, unataka mtoto wa mama yako akaozee jela, mama yenu atakufa kwa presha, unadhani watu watatuonaje. Mama mwenyewe alikuwa haniambii kitu, analia tu kwenye simu, na hiyo ndo ilinimaliza. Akaja na mzee mmoja wa kanisa, mtu mzima ninayemheshimu, akanifungulia Mathayo 18, Petro anauliza je nisamehe mara saba, Bwana anamjibu saba mara sabini. Akaniambia binti yangu, hiyo ni mara mia nne tisini, wewe bado hata moja. Ningejibu nini? Neno ni neno. Nikawa siendi kutoa ushahidi, kesi ikaitwa mara ya kwanza sipo, ya pili sipo, ya tatu sipo, ikafutwa.

Tukapatanishwa Jumamosi ya kuamkia Pasaka 2015. Mbuzi alichinjwa, mbege ikapikwa (mbege ile ile, na hakuna aliyeshtuka), kaka akaja na sale lake lina fundo akanikabidhi na mikono yote miwili. Akasema dada yangu nimekosa, ni pombe. Alilia. Na mimi nililia, wala sikuigiza, nilimpenda sana kaka yangu, ndo alikuwa ananibeba mgongoni kuvuka mfereji tukienda shule. Watu wakaimba pambio. Af yule mzee akasimama akasema sasa ili sote tujue dada yetu amesamehe toka moyoni, Desemba atakuja kulala hapa hapa nyumbani na watoto wake. Watu wote wakasema amina, na mimi nikasema amina.

Nimeifikiria siku ile mara nyingi sana. Siku nzima hakuna mtu aliyemuuliza kaka kama ataacha pombe. Hakuna aliyeuliza kile kipande cha chini sasa kimekuwaje. Hakuna aliyemuuliza panga liko wapi. Maswali yote niliulizwa mimi, na msamaha wangu ukapimwa kwa kitanda, kwamba nitalala au sitalala.

Nikalala. Usiku wa tarehe 24 Desemba 2015 tulikuwa nyumba ya mama, mimi na watoto wawili chumba cha nyuma, mume wangu alikuwa bado njiani na basi kutoka Dar. Kama saa saba usiku nikasikia mtu anagonga dirisha na kitu cha chuma, taratibu, ti, ti, ti. Af sauti ya kaka, hapigi kelele, anaongea kama anaongea na mtu wa karibu, anasema ulijua nimesahau eeh, ulijua nimesahau. Akaja mlangoni akaanza kupiga teke. Mlango wenyewe wa mbao una komeo moja tu la juu. Niliegemeza mgongo mlangoni miguu nikaisukumia kwenye kitanda, binti yangu alikuwa na miaka tisa akaingia chini ya uvungu, na mpaka leo nikikumbuka ule usiku nachokumbuka kwanza ni mkojo wa mwanangu ulivyokuja kidogo kidogo kwenye sakafu mpaka ukanifikia miguuni.

Mama akatoka chumba cha mbele kumsihi. Kaka alimsukuma. Mama akaangukia ngazi ya jiwe akavunjika mkono, na aliokolewa na majirani waliosikia yowe langu, mimi nilikuwa nimeshikilia mlango sikuweza hata kutoka.

Kwahiyo binti, ukiniuliza kwanini nakuwa mkali mtu akisema samehe usahau urudi, ndo hapo. Nilifanya nilichoambiwa, chote. Nilisamehe nikasahau nikarudi na nikaleta watoto. Na aliyevunjika mkono ni bibi wa miaka sabini ambaye hakuwa na ugomvi na mtu yeyote.

Mwaka uliofuata sikuweza kuomba. Kanisani naenda kwasababu miguu imezoea. Kuna mama mmoja mchungaji hapa Dar, kanijulia kwenye kushona, nilikuwa namshonea kanzu. Alikuja kujaribisha, akaniona nanyoosha pindo na kiganja, akauliza mkono umefanyaje. Nikamwambia yote. Kanzu ikabaki imebandikwa pini na yeye ndani yake, amekaa kwenye kigoda, hajali. Nilipomaliza nikamwambia mama, nimeshindwa kusamehe, nilijaribu ikashindikana. Akaniuliza, umeshawahi kusoma habari za Daudi na Sauli zote kwa mfululizo, sio ile ya pango peke yake? Nikasema najua ya pango. Akasema kasome kuanzia Samweli wa kwanza sura ya 18 mpaka 27, usiruke.

Nilisoma usiku mmoja. Kumbe Sauli alimrushia Daudi mkuki, Daudi akakwepa. Af sura ya 19 Yonathani akawapatanisha, Sauli akaapa kwamba hatauawa, Yonathani akamrudisha Daudi nyumbani kwa mfalme, Biblia inasema akawa mbele yake kama kwanza. Kama kwanza! Nikasoma huo mstari nikajua ni ile Jumamosi yetu ya Pasaka, na mbuzi, na pambio. Na mistari mitatu mbele, Daudi anapiga kinubi na Sauli anamrushia mkuki tena, unagonga ukutani. Usiku ule ule mkewe Mikali anamteremsha dirishani anakimbia. Nililia pale mezani sio kwa huzuni, nililia kwasababu niliona hata Daudi, mtu ambaye Mungu mwenyewe alimpenda, alirudi mara moja akaponea chupuchupu, na Biblia haimlaumu popote kwa kukimbia.

Af ndo inakuja ile ya pango Engedi, Sauli ameingia, Daudi angeweza kummaliza, anakata upindo wa vazi tu. Sauli analia kwa sauti anamwita mwanangu. Hapa wahubiri wengi wanaishia. Lakini mstari wa mwisho wa sura hiyo Sauli anaenda kwake na Daudi na watu wake wanapanda ngomeni. Hawaongozani. Na sura ya 26 Sauli yuko tena porini na watu elfu tatu anamtafuta! Machozi yote yale. Daudi anaingia usiku kambini, mkuki umechomekwa kichwani kwa Sauli, anauchukua na gudulia la maji, hamgusi. Af anavuka ng'ambo anasimama juu ya kilima mbali, na Biblia imeona ni muhimu kuandika kwamba palikuwa na nafasi kubwa kati yao. Ndo anaita. Sauli anasema nimekosa, rudi mwanangu, sitakudhuru tena. Na Daudi anajibu nini, anasema mkuki wako huu hapa, mmoja wa vijana avuke aje auchukue.

Hakuupeleka mwenyewe. Nilirudia huo mstari sijui mara ngapi. Alimsamehe, hakumuua, hakumtukana, mkuki akamrudishia, lakini yeye mwenyewe hakuvuka.

Nilimrudia mama mchungaji na mengine akanionyesha. Paulo anamwandikia Timotheo habari za yule mfua shaba aliyemtendea mabaya mengi, malipo anamwachia Bwana, af hapo hapo anamwambia Timotheo, nawe ujihadhari na huyo. Vyote viwili kwa pumzi moja. Nikamuuliza habari ya kesi, maana hiyo ya pili ilikuwa imefunguliwa, ya mkono wa mama, na ukoo umeanza tena. Akanifungulia Warumi 12, pale pa kutolipiza kisasi, af akageuza ukurasa kuonyesha kwamba sura inayofuata hapo hapo inaanza na mambo ya mamlaka, kwamba mwenye mamlaka habebi upanga bure. Akasema Paulo hakuandika kwa sura, hizi namba ziliwekwa baadae, ni barua moja inaendelea. Wewe usishike upanga, ila usimnyang'anye mwenye kazi hiyo kazi yake. Ukisimama ukasema kweli bila kuongeza chumvi hujalipiza kisasi.

2016 nilisimama nikasema kweli. Mama nae alisema. Kaka akafungwa. Mama mdogo hakuongea na mimi karibu miaka miwili.

Sasa kusamehe kwenyewe. Hapa sina cha kusimulia kikubwa na naona watu wengi wanaongopa hapa, wanasema nilipiga magoti mzigo ukatoka. Mimi sijui siku. Nilianza kuomba kwa kulazimisha, sentensi moja tu, Bwana sitaki kumdai tena, asubuhi kabla sijagusa cherehani, na moyo wangu ulikuwa unasema unamdai sana tu. Miezi. Af Julai moja, 2017, baridi ile ya Moshi, mdogo wetu alienda kumwona gereza la Karanga akasema kaka anakohoa hana blanketi la maana. Nilienda Kariakoo nikachagua zito, nikalipindia ncha zote nne mwenyewe lisifumuke. Nilipomaliza ncha ya nne ndo nikashtuka kwamba pindo lilikuwa limepinda kidogo pembeni na sikumuua mtu kichwani. Nililikunja nikampa mdogo wetu apeleke, nikamwambia usiseme limetoka kwa nani. Sikulipeleka mwenyewe.

Ndo maana nasema kusamehe na kuamini ni vitu viwili na havitembei mwendo mmoja. Kusamehe ni kwangu na Mungu wangu, naweza nikafanya hata aliyenikosea yuko Karanga, hata amekufa, hata hajaomba. Kuamini kunajengwa na yule mwingine, kwa matendo, na kunachukua muda, na kuna watu hakutajengwa kabisa na hiyo sio dhambi yako. Zakayo hakuishia kusema nimekosa, alitaja na kiasi, nusu ya mali kwa maskini na niliyemdhulumu namrudishia mara nne. Yusufu nae aliwalilia ndugu zake chumbani, wao hawajui, lakini hakujitambulisha mpaka alipomwona Yuda anakubali kubaki mtumwa badala ya Benyamini. Alitaka kwanza aone kama bado ni wale wale waliomtupa shimoni.

Kaka alitoka 2018. 2019 akamtuma shangazi Dar na sale. Safari hii halikuwa jani peke yake, lilikuwa bua zima na majani yake, na fundo limefungwa kwenye jani la juu, shangazi alikuwa amelizungushia gazeti bichi kwenye basi lisinyauke. Nililipokea. Sale halikataliwi, na moyo wangu pia haukukataa. Nikamwambia shangazi, mwambie kaka nimelipokea, na mwambie pia silali. Shangazi akasema hayo mawili hayaendi pamoja. Nikamwambia kwetu yanaenda pamoja shangazi, sale la msamaha na sale la mpaka unakata shina moja. Ile bua tulirudi nayo Desemba nikaichomeka kule chini, shimo lile la nne ambalo lilikuwa halijapandwa toka 2014. Imeshika.

Kwa hiyo binti, nikwambie na mambo ya kawaida kabisa kwasababu huwa hakuna anayeyasema kanisani. Mimi nikienda kule gari tunaliegesha limeangalia barabarani. Sikutani na kaka tukiwa wawili, wala siku ninayofika simwambii mtu mpaka niko Himo. Watoto wangu hawatumwi kwake hata kufuata chumvi, wanamsalimia shikamoo mjomba na wanamheshimu, na wanajua kwanini, niliwaeleza kwa umri wao, sikuwaficha na sikumchafua. Mchango wake wa matibabu nautoa kila nikiweza, unapita kwa mdogo wetu. Harufu ya pombe ikisikika tu kwa mtu yeyote pale uwanjani tunaaga. Wanaosema nina roho ngumu waseme, wao hawakushikilia ule mlango.

Na wewe ambaye wako unaishi nae ndani ni vigumu zaidi kuliko mimi, mimi wangu yuko kilomita mia tano na zaidi. Sikwambii umwache, sikwambii ukae. Nakwambia kwanza uwe mahali penye mlango unaofungwa na funguo iko kwako, habari ya kusamehe utaongea na Mungu ukiwa hapo, atakusikia tu. Mtafute mtu mmoja ajue kila kitu, mmoja tu asiye na mdomo. Polisi kuna dawati la jinsia, waulize hilo kwa jina, usiishie kaunta. Ukiumizwa nenda hospitali usisubiri alama zipotee, na PF3 yako toa kopi uiweke kwa mtu mwingine, mimi ya kwanza niliiweka nyumba ya mama na haikuonekana tena. Na mtu akikufungulia saba mara sabini, mwambie amina, af mwombe asome na aya za juu yake kidogo, sura ile ile ya 18, pale penye ukikosewa na ndugu yako nenda ukamwonye, asiposikia chukua wawili, asiposikia liambie kanisa, asiposikia na kanisa awe kwako kama mtu wa mataifa. Bwana aliyasema yote mawili siku moja. Mimi nilisomewa moja.

Mama alifariki 2023, mwezi wa nane. Hiyo nilikuwa naiogopa miaka yote, kwasababu kwetu binti asipolala msibani kwa mama yake ni aibu ambayo haisahauliki. Nilijiuliza sana, nikamwuliza na yule mama mchungaji, akasema unajua nini kimebadilika na nini hakijabadilika, amua wewe. Nikaamua silali. Tulikuwa tunafika saa moja asubuhi mimi na mume wangu na binti yangu, tunakaa mchana kutwa, jua likishuka tunaondoka. Siku tatu hivyo.

Siku ya kuzika kaka alitupa udongo wa kwanza, mimi nikafuata. Amekonda, nywele zimekuwa nyeupe kabisa, mdogo wetu anasema toka atoke hajaonja mbege na mimi naamini, kwasababu nilimwona kata ikimfikia anaipitisha kwa mwingine bila kuiangalia. Tulipokutana pale pembeni ya kaburi akanyoosha mkono. Nikampa wa kulia. Akaushika, af akaangalia ule wa kushoto, vile vidole viwili, akaviangalia muda, akaachia.

Jioni nikaanza kuaga. Shangazi akasimama mbele ya watu wote kwenye turubai, akasema kwa sauti, mama yako leo ndo analala usiku wa kwanza ardhini na wewe unaenda kulala gesti? Watu wakageuka. Mimi nilikuwa nimechoka, sikuwa hata na jibu. Kaka akainuka kwenye benchi upande wa wanaume. Moyo wangu ukadunda, mume wangu akasogea mbele yangu bila kusema kitu. Kaka akasimama pale pale alipokuwa, hakusogea, akasema, "Shangazi muache aende. Mimi ndo nilifanya asilale hapa."

Hakuna aliyeongea. Akamgeukia mume wangu akasema, "Shemeji giza linaingia, na huku chini kuna ukungu, muwahi."

Tukaenda kwenye gari. Alitusindikiza mpaka kwenye masale ya njia panda akaishia hapo, akabaki amesimama mikono nyuma. Binti yangu alikaa kiti cha nyuma anamwangalia mjomba wake kwenye kioo mpaka kona ya kwanza, af akageuka mbele akafunga mkanda.